Hatujafika Hapo

Mtu anayepanga chumba bila kuomba apunguziwe kodi ana lake jambo. Ndivyo nilivyosema siku ile mwalimu alipokuja kuulizia chumba changu cha mbele, na mpaka leo sijabadilisha kauli. Nilimtajia bei ya juu makusudi, ili akishusha nami nishuke, tukutane katikati kama watu wenye akili zao. Yeye akasema sawa. Akalipa pale pale, akauliza ufunguo uko wapi. Pesa nilipokea, lakini machale yalikuwa yameshaanza kunicheza.

Mtaani wananiita Bi Machale. Najua, na sina kinyongo nao. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na magauni ya kina mama, na kazi hii inakufundisha kutomwamini mtu. Mteja anakuapia kwamba kitambaa kinatosha, ukikitandaza mezani unakuta hata mikono hakitoi. Anakuambia hajanenepa, tepu inakuambia vingine. Muuza maziwa nimeshamkamata na maji, na bado anaapa kuwa ni ng'ombe wake ndiye anayekunywa sana. Kwa hiyo watu wakinicheka, nawaacha wacheke. Kaka yangu, fundi viatu wa pale kona, ndiye anayenicheka kuliko wote. "Dada," huniambia, "wewe hata kuku akitaga mayai mawili utauliza la pili ni la nani."

Na kweli, ni la nani?

Chumba cha mbele na kile ninachoshonea vimetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Mtu akipiga chafya kule, mimi huku namwambia pole. Kila asubuhi wasichana walijaa mle, wakabanana kwenye mabenchi, mwalimu akawafundisha Kiingereza. Wote walikuwa wakijiandaa kwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani. Wakala mmoja ndiye aliyewakusanya, ndiye aliyemlipa mwalimu, ndiye aliyeshika pasipoti zao, na ndiye aliyeahidi tiketi za ndege. Wasichana hawakutoa hata senti. Hilo nalo nikaliweka kwenye akiba yangu ya mashaka.

Mmoja wa wasichana hao alikuwa Kidoti, binti wa kaka. Tunamwita hivyo kwa sababu ya alama nyeusi iliyoko shavuni mwake. Mama yake aliolewa kwingine zamani, na mtoto akakulia kati ya gundi ya baba yake na vipande vya vitambaa vyangu. Analala kwa baba yake, anakula kwangu. Mimi sikujaliwa mtoto. Niseme wazi basi: Kidoti akienda pabaya, mimi nitakuwa nimebaki na cherehani tu.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, msafi, sauti yake ya chini. Alifundisha kwa namna ambayo sijapata kuiona. Daftari alikataza. Kalamu alikataza. "Lugha ikae mdomoni," alisema, "karatasi inapotea." Yeye anatamka, wasichana wanarudia wote kwa pamoja, anatamka tena, wanarudia tena, mpaka neno linawatoka hata kama wanawaza mengine. Swali halikuruhusiwa. Nikajiuliza, shule gani hii ambayo mwanafunzi hatoki na hata karatasi ya kumwonyesha mzazi?

Lakini sitakuwa mnafiki, nami nilijifunza. Walianza na jikoni. Nikawa nakanyaga cherehani huku midomo yangu inatembea: spuni, pleti, fraipani, friji. Wakahamia chumba cha kulala, wakahamia bafuni, wakahamia kwa watoto wadogo na wazee wasioweza kuinuka. Siku moja mteja alikuja kuchukua sketi ya bintiye, nikamkaribisha kwa Kiingereza mpaka akaangalia nyuma kuona nasema na nani. Halafu yakaja yale ya kila siku, ya asubuhi na ya kufungia somo: yesi, madamu. Sori, madamu. Narudia sasa hivi, madamu. Wasichana waliyasema kwa sauti moja, vizuri kabisa, na mimi huku nikaona mguu wangu umesimama juu ya pedali.

Jioni Kidoti alikuwa akija kunisaidia kupika, na kila alichokishika alikitaja kwa Kiingereza. Alikuwa na furaha, uso wote unang'aa. Siku hiyo nikaamua kumpima.

"Mtoto anaumwa. Unasemaje?"

Akasema bila kusita.

"Bibi mzee ana njaa."

Akasema.

"Baba mwenye nyumba amechoka, anataka kulala."

Akasema, tena akaongeza na la kumtandikia kitanda.

"Haya. Wewe unaumwa."

Akanitazama. "Mimi?"

"Wewe. Kichwa kinakupasuka, huwezi kuinuka. Unamwambiaje huyo madamu?"

Akakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Hatujafika hapo, shangazi."

"Una njaa."

"Hatujafika."

"Umechoka."

"Shangazi, nimekwambia hatujafika hapo. Tutafika."

"Si uunganishe tu? La kuumwa unalo, la mimi unalo."

"Mwalimu amekataza tusiunganishe wenyewe. Tuseme kama tulivyopewa, tusije tukajiaibisha mbele za watu."

Nikachochea moto. Pengine kweli watafika, nikajiambia. Nikatega sikio langu ukutani kuanzia kesho yake, na nikangoja.

Wakafika kwenye chakula cha mbwa. Wakafika kwenye soksi, jinsi ya kuzikunja na droo ya kuzitia. Wakafika kwenye maua ya plastiki na namna ya kuyafuta vumbi. Kulikuwa na neno la kumwomba msamaha mgeni uliyemchelewesha mlangoni. Nyumba ile ya Kiingereza ilikuwa inajaa mbele ya masikio yangu, kila mtu yumo na kila kitu kimo, isipokuwa Kidoti. Mshahara sikuusikia. Siku ya kupumzika sikuisikia. Hospitali niliisikia mara moja, walikuwa wanampeleka mbwa.

Nilimuuliza tena Kidoti, na safari hii akawaka. "Shangazi, wewe umeshonea hapo hapo maisha yako yote. Sasa unaona mimi naondoka, roho inakuuma." Akachukua khanga yake akatoka. Maneno yale yalinichoma, maana hayakuwa uongo mtupu. Iliniuma kweli. Lakini mtu anaweza kuumwa roho na bado akawa anaona sawasawa.

Nikaenda kwa kaka. Nilimkuta na kiatu cha mtu magotini, misumari kati ya midomo, na nyuma yake sanduku jipya lenye magurudumu, bado limevikwa nailoni. Nikamweleza yote. Alitoa misumari mdomoni mmoja mmoja akiipanga kwenye kibao.

"Maneno mengine atajifunza huko huko," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa wenyeji."

"Wenyeji ndio hao wanaotaka kuambiwa yesi madamu!"

"Dada." Hakuwa anacheka. "Mimi nimeinamia miguu ya watu tangu nina nguvu mpaka sasa mgongo haunyooki. Mwanangu akipata kuondoka hapa, namshukuru Mungu. Wewe umemshuku muuza maziwa, umemshuku fundi bomba, ulimshuku hata shemeji yako siku ya posa. Safari hii nyamaza. Nakuomba kama ndugu yako, safari hii tu, nyamaza."

Kaka yangu si mtu wa kuomba. Nikamwahidi. Kwa Kidoti na kwake ningefunga mdomo, lakini macho sikuahidi kuyafumba, na nikayaelekeza kwa mwalimu.

Haikuchukua muda akaja mwenyewe kwenye mtego, na kitambaa cha rangi ya udongo mkononi. Alitaka gauni la kawaida. Nikafurahi, maana hakuna mahali mtu anasema siri zake kama mbele ya fundi anayempima. Mteja wangu yeyote akisimama pale kwenye kioo huanza: kola iwe hivi, hapana, iwe vile, usinibane hapa, hivi unaona nimekonda? Anajikuna, anageuka nisipotaka ageuke, anapokea simu na tepu iko kifuani. Ndiyo kawaida ya binadamu.

Nikamwambia mwalimu asogee, akawa ameshasogea. Nikasema inua mikono, na kabla sijamaliza mikono ilikuwa juu, imenyooka sawasawa. Geuka. Akageuka. Hakuuliza kola. Hakutazama hata kioo. Nikamwambia, "Mwalimu, mshono gani unaupenda?" Akajibu, "Wowote utakaoona unafaa." Mwanamke gani anasema hivyo kwa fundi?

Mara mlango ukabishwa, mama mmoja amekuja kulalamikia suruali ya mwanawe. Nikatoka nje kumsikiliza, na mama yule ana maneno, tukabishana, tukapatana, tukaulizana na habari za nyumbani. Niliporudi ndani nilimkuta mwalimu pale pale kwenye kioo. Mikono yake ilikuwa bado juu. Ilikuwa inatetemeka na jasho limemtoka kwenye paji la uso, lakini alikuwa hajaishusha.

Nilikuwa nimemwandalia mwanamke huyu matusi ya kila aina, na yote yakapotea.

"Mwalimu," nikasema, "shusha mikono."

Akashusha.

Nikamkalisha kwenye kigoda, nikampa maji. Akanywa yote bila kupumua. Nikamuuliza kama na yeye alifanya kazi huko ng'ambo wanakopelekwa wasichana. Akasema alifanya. Nikamuuliza, nani alimfundisha Kiingereza.

"Wakala huyu huyu. Alikuwa na mwalimu mwingine wakati ule."

"Kwa maneno haya haya?"

"Haya haya."

"Na yalikutosha?"

Alikaa akiitazama bilauri. "Yalinitosha," akasema. "Sikuwahi kukosa la kujibu."

Alisema hivyo kama mtu anayesifu kitu. Halafu nadhani alisikia alichokisema, kwa sababu akainua uso akanitazama kwa mara ya kwanza tangu apange chumba changu, na mimi nikashindwa kumtazama. Nikataka kumuuliza mengi. Nikamuuliza tu gauni analitaka lini.

Siku ya majaribio ikafika. Wakala alikuja mwenyewe, shati jeupe, kiatu kinang'aa, akapitia kwangu kunisalimia. "Shikamoo mama. Kazi yako nzuri, nimeona mishono." Mishono aliionea wapi? Nilikuwa nimekalia nguo yote. Nikaitikia marahaba, nikamfuata kwenye chumba cha mbele nikijidai naongeza viti. Kaka naye alikuwepo, ameoga, amevaa shati la harusini. Wakala akamwomba akawaletee wasichana soda, pesa hii hapa, mzee wangu, na kaka akaenda mbio kama kijana.

Wasichana wakapangwa mstari. Wakala akaketi kwenye kiti kilichokuwa mbele yao, akakunja nne, akasema leo yeye ndiye mwenye nyumba. Akaanza kuwaamuru kwa Kiingereza, na mimi nikafuata yote, kazi ya ukuta wangu. Lete maji. Yesi, bosi. Funga dirisha. Yesi, bosi. Hii ni chafu. Sori, bosi, narudia sasa hivi. Hakuna aliyekosea hata mmoja.

Ikawa zamu ya Kidoti. Akaambiwa afungue mlango, akafungua. Akaambiwa aufunge, akafunga. Kisha wakala akanyoosha kiganja: nipe simu yako. Kidoti akaitoa mfukoni akampa kwa mikono miwili. "Yesi, bosi." Wakala akaitia kwenye mfuko wa shati lake, wasichana wakacheka, Kidoti naye akacheka. Akaambiwa leo atalala chini, jikoni. "Yesi, bosi." Akaambiwa leo hatakula. "Yesi, bosi," na bado anatabasamu, mwanangu mimi, kwa sababu alijua amepata maksi zote. Wakala akaita anayefuata. Simu haikurudi.

Ahadi niliyompa kaka ilinifika hapa kooni, nikaitema.

"Bwana mkubwa," nikasema, "hebu mwambie aseme anaumwa."

Wakala akageuka taratibu. "Mama, hawa wanakwenda kufanya kazi, hawaendi kuumwa." Wasichana wakacheka tena. Kidoti hakucheka. Alinikazia macho kwa aibu na hasira.

"Basi mwambie aseme anataka kurudi nyumbani."

"Kwa nini atake?" Alikuwa bado anatabasamu. "Muda wake ukifika atarudishwa."

Nikamwacha, nikamwangalia mwalimu. Alikuwa amesimama ukutani, mikono ameifumbata mbele, ndani ya gauni la rangi ya udongo nililomshonea. "Mwalimu," nikamwambia, "wewe unalijua. Linasemwaje?"

Mwalimu alitazama sakafu, akamtazama wakala, akatazama sakafu tena. Kisha akalisema, polepole, kwa ile sauti yake ya chini.

"Ai wanti tu go homu."

Na wasichana, waliozoeshwa kurudia chochote kinachotoka kwenye kinywa chake, wakarudia wote kwa pamoja.

"Mwalimu," wakala akasema, "inatosha."

Akanyamaza papo hapo, kama taa iliyozimwa. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Lakini mikono yake ikaachana. Akalisema tena. Safari hii hakulisema kwa sauti ya chini. Wasichana wakalirudia kwa nguvu. Wakala akasimama, akaamuru kwa Kiingereza, akaamuru kwa Kiswahili, na mwalimu akazidi kulisema, analisema analia, na wasichana wanafuata, wengine bado hawajui ni nini kinawatoka. Kidoti alikuwa wa mbele, analitoa kwa kinywa kipana, safi kabisa, Kiingereza cha kutamanika.

Kaka akatokea mlangoni wakati huo na kreti la soda. Akasikia. Akaliweka kreti chini, macho yamejaa machozi ya furaha, akaanza kupiga makofi.

Alipiga makofi peke yake. Wasichana walishanyamaza, wakala ameshanyamaza, yeye bado anapiga. "Mwanangu!" akasema. "Mmemsikia mwanangu?" Akanigeukia mimi, maana alijua nimejifunza ukutani. "Dada, amesema nini?"

Sikuwahi kupata swali gumu kuliko hilo. Nikamwambia.

"Anasema anataka kurudi nyumbani."

"Mbona yuko nyumbani?" kaka akasema, na bado alikuwa na kicheko usoni. Akatazama wasichana. Akamtazama mwalimu anayejifuta machozi kwa mkono wa gauni. Kicheko kikaanza kumpotea kidogo kidogo. "Hilo ndilo wanalofundishwa?"

"Hapana," nikasema. "Hilo ndilo wasilofundishwa."

Kaka akaenda hadi kwa wakala, akasimama mbele yake na mgongo wake usionyooka. "Naomba pasipoti ya mwanangu."

"Iko ofisini, mzee wangu. Iko salama."

"Ofisini wapi?"

Wakala akamgeukia Kidoti, na sauti yake ikawa ile ya mwenye nyumba. "Binti, mwambie mzee wako kila kitu kiko sawa. Sema."

Sote tukamtazama. Kidoti alifungua kinywa, na mimi nilikuwa nimekaa karibu, niliona neno linavyokuja mpaka kwenye midomo yake, lile lile, limezoea njia. Likakaa pale. Akatafuta lingine, nikamwona anavyotafuta, anazungusha macho chumbani kama mtu aliyepoteza kitu, na katika maneno yote aliyopewa tangu siku ya kwanza hakulipata. Akaiacha lugha ya watu, akarudi kwenye yetu.

"Sitaki," akasema.

Kisha akanyoosha kiganja mbele ya mfuko wa shati jeupe, akangoja apewe simu yake.